Lori Letu Liligonga Nini? Habari ya Siku Nne za Mwanza



Barua zimefika ofisini, na baadhi yake si za upole, zikiuliza kwa nini wajumbe watatu waliotumwa Mwanza kununua lori walikaa huko siku nne, hali lori lenyewe walikwisha kuliona siku ya kwanza. Swali ni la haki, kwani fedha ni zenu. Jibu lake nalo lina faida kwa kila mwenye gari, pengine hata la ng'ombe.

Lori hilo lilikuwa likichukua pamba. Wenzetu wa Mwanza si wageni wa ushirika: shirikisho la vyama vyao vya pamba liliundwa mwaka 1955, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, na likafika kumiliki vinu vyake lenyewe vya kuchambulia pamba. Siku hizi barabara za lami ni nyingi kule, lakini pamba hailimwi juu ya lami. Hutolewa vijijini kwa njia za udongo zenye matuta madogo madogo kama bati, na kwenye mbuga za udongo mweusi ambao masika hunata na kiangazi hupasuka. Gari lililofanya kazi hiyo, hata likipakwa rangi mpya, habari zake zimo tumboni.

Injini ilikuwa nzima na matairi ni mazuri. Ila nyuma kulikuwa na kitu kinachogonga, ngo! mfano wa mchi ulioangukia kinu kitupu. Mwenye lori akasema ni ubao wa nyuma tu. Fundi wa kwanza akasema ni shokapu, zibadilishwe zote mbili. Wa pili akasema ni bushi za kamani (kamani ndizo wenzetu wa bara huziita springi). Kila mmoja alikuwa na bei yake tayari, wala hapana hata mmoja aliyeinama kutazama. Mweka Hazina wetu, ambaye najua wengine humwita mkono wa birika, akakataa kutoa senti mpaka aonyeshwe kwa macho kitu kinachogonga. Siku ile ubahili wake ulitufaa sana.

Tukapelekwa kwa fundi wa tatu, mzee aliyefanya kazi ya malori tangu ujana wake. Nikaanza kumweleza habari za shokapu na bushi. Akanikatiza: "Bwana Katibu, usiniambie ni nini. Niambie linagonga lini."

Hatukuweza kumjibu, maana tulikuwa tumesikiliza kelele bila ya kutazama wakati wake. Basi akaamuru vitu vyote vinavyolegea vishushwe: jeki, tairi la akiba, minyororo, hata mtaimbo uliokuwa chini ya kiti. Ubao wa nyuma ukafungwa kwa kamba na magunia. Kelele ndogo ndogo zikaisha zote, ile kubwa ikabaki. Huo ukawa mwisho wa hoja ya mwenye lori.

Tukaenda nalo hadi Kigongo, tukavuka lile daraja la kilomita 3 hivi lililofunguliwa mwaka 2025, ambalo limeondoa foleni ya kungojea kivuko kwenda Busisi. Mzee alichagua njia hiyo kwa makusudi. Mahali palipo laini kabisa lori lilikuwa kimya. Kila tulipopita juu ya kiungo cha daraja, likagonga mara moja. Kisha, ng'ambo ya pili, akamwambia dereva asimame ghafula, halafu aondoke. Ngo! wakati wa kusimama, na ngo! wakati wa kuondoka. Katikati yake, kimya.

Hapo ndipo alipotufahamisha. Shokapu iliyokufa au bushi iliyoliwa hugonga zaidi gari linaporuka juu na chini kwenye matuta, hasa likiwa tupu. Kinachogonga unapofunga breki na unapoondoka ni kitu kinachokwenda mbele na kurudi nyuma. Huenda ikawa pini ya kamani, huenda ikawa jointi ya propela, lakini kwanza hutazamwa ekseli.

Hapana budi nieleze kidogo. Kamani ya lori ni majani ya chuma yaliyopangwa pamoja. Ncha yake moja imefungwa kwa pini, ya pili hubembea, kwa kuwa kamani ikilaliwa na mzigo hunyooka na kurefuka. Katikati majani yote yametobolewa na kuunganishwa kwa boliti moja, senta bolti, ambayo kichwa chake huingia katika tundu la kitako cha ekseli ili ekseli isihame. Lakini nguvu ya kushika si yake. Ni ya yubolti, zile ndefu zilizopindwa kama herufi U, zinazobana kamani na ekseli pamoja. Zikilegea, kazi yote huangukia ile boliti moja, nayo haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Mzee akanyoosha magurudumu ya mbele, akachukua uzi, akapima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kulia kisha kushoto. Upande wa kushoto ukazidi kwa upana wa vidole viwili. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma! Ndipo wakatia magogo kwenye magurudumu, wakainua kwa jeki, na juu ya jeki wakaongeza vitalu vya mbao, kwani mzee hamruhusu mtu yeyote kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tukaona vumbi jekundu la kutu kando ya yubolti, na pembeni yake chuma kinang'aa kwa kusuguana. Nati zilizunguka kwa spana bila ya jasho. Senta bolti ilikuwa imekatika vipande viwili, na jani la tatu limepasuka penye tundu lake. Sababu ilionekana: mtu aliongeza jani moja ili lori libebe zaidi, akaacha yubolti zile zile, zikakosa meno ya kutosha kwa nati.

Fikirini lori hilo lingesafiri zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam, kisha livuke kuja Pemba, na siku moja lishuke kilima likiwa na wachumaji juu ya magunia, dereva akanyage breki. Mafundi wawili wangetuuzia shokapu na bushi, na kelele ingekuja nayo.

Bei ilipunguzwa kwa gharama ya kamani na yubolti mpya. Siku mbili zilikwenda kwa kazi hiyo. Yubolti za zamani hazirudishwi, maana zimekwisha kuvutika. Hukazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha hukazwa tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Zetu zilikazwa tena Singida.

Juu ya kila nati mzee alipaka mstari wa rangi nyeupe unaoendelea hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mwanachama anayepakia magunia ainame autazame. Ukiwa umeachana, amwambie dereva kabla hajatia moto.