Ngumi za gemu: Uwanja ukimbeba mmoja, bingwa ni nani?

SONGEA. Shabiki wa Majimaji, Wanalizombe wenyewe, hahitaji kufundishwa kwamba uwanja nao unacheza. Ndiyo maana ligi ina mechi za nyumbani na ugenini, kila timu ipate zamu ya kucheza pale inapopajua.

Kwenye gemu za ngumi, wengi wanaisahau hesabu hiyo. Dogo wa Lizaboni akikaa na mwenzake wa Bombambili, pedi mkononi na kiingilio mezani, mabishano ni nani kamchukua Eddy na nani kamchukua King. Uwanja anabonyeza yeyote mwenye kidole chepesi. Hapo mtu anaweza kuliwa hela yake bila kujua kilichompiga.

Sababu mojawapo ni Tekken 3. Gemu hiyo iliyoingia PlayStation mwaka 1998 ndiyo iliyowalea wengi, na viwanja vyake havikuwa na ukuta. Unarudi nyuma, unarudi tena, hufiki mwisho. Kubadili uwanja kulikuwa kubadili picha na muziki tu.

Mwaka 2001 ikaja Tekken 4 na kuta, pamoja na sakafu zenye miinuko. Mapigo ya mfululizo yaliyozoeleka yakawa yanakatika kwa sababu tu mmoja kasimama juu na mwingine chini. Tekken 5 ikarudisha sakafu tambarare, lakini kuta zikabaki.

Na kuta si pambo. Mtu akigongwa ukutani ananasa, anaongezewa mapigo ambayo katikati ya uwanja asingekula. Anayecheza kwa kubana anautaka ukuta, anayepiga na kurudi nyuma anataka uwanja usio na mwisho. Baadaye zikaja sakafu za kuvunjika: unaangushwa ghorofa ya chini na kipigo kinaendelea. Anayejichagulia uwanja peke yake ameshaanza na bao kibindoni.

Wakubwa wamelitatuaje hili? Katika mashindano mengi ya Tekken 7, mashine yenyewe ndiyo iliyochagua uwanja.

Kwenye Super Smash Bros. Melee ya Nintendo, yenye viwanja 29, waandaaji wamezoea kuruhusu sita tu. Pambano la kwanza huanza na vitano: mmoja anafuta kimoja, mpinzani anafuta viwili, wa kwanza anafuta kingine. Kinachobaki ndicho kinachopigwa. Hyrule Temple ulipigwa marufuku kwa sababu ni mkubwa mno. Anayeongoza anazunguka akikimbia mpaka dakika ziishe.

Si mambo ya kitoto haya. Kwenye Michezo ya Asia iliyofanyika Hangzhou mwaka 2023, Street Fighter V ilikuwa na medali, na dhahabu ikaenda kwa Kim Gwan-woo wa Korea Kusini, mwenye miaka 44. Mwaka 2019, Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, aliwachapa wababe wa Tekken 7 kwenye EVO Japan na kisha EVO ya Las Vegas.

Kwa majirani zetu Kenya, Sylvia Gathoni, maarufu QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani, XiT Gaming, kwa sababu ya Tekken hiyo hiyo.

Kijana wa Songea anayeitamani njia hiyo hatasaidiwa na ushindi wa uwanja aliojichagulia. Siku mashine itakapomtupa asipopazoea, ataumbuka mchana kweupe.

Dawa yake haina gharama. Mwenye banda anayeandaa mashindano abandike karatasi moja ukutani: viwanja vinavyoruhusiwa ni hivi, pambano la kwanza mashine inachagua, yanayofuata wachezaji wanafutiana kwa zamu. Asiyeafiki aseme mapema na abaki na hela yake.

Refa wa soka hukagua uwanja kabla ya filimbi. Kwenye gemu, muda wa ukaguzi huo ni kabla ya kiingilio kutoka mfukoni.