Nusu Kilo ya Pweza na Mzani wa Kuipima

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinasema pweza asiyefika gramu 500 asivuliwe wala asiuzwe. Ni sharti fupi linaloeleweka na kila mtu, lakini pweza wadogo hawajaacha kuonekana madikoni na kwenye sinia za wachuuzi wa mitaani. Maelezo yanayotolewa haraka ni mawili: wavuvi hawana elimu, na maofisa uvuvi ni wachache kuliko fukwe wanazotakiwa kuzilinda. Yote mawili yana ukweli, ila hayafiki kwenye kiini. Kanuni hii imeegemezwa mahali ambapo haishikiki. Mwenye kubebeshwa lawama ni mtu asiye na mzani, anayemwinda mnyama asiyeonekana vizuri mpaka awe ameshachomwa, huku mwenye mzani, yaani mnunuzi, akisimama pembeni kama mtazamaji. Hoja ya makala haya ni kwamba uzito usimamiwe pale panapopimwa uzito, na kule mwambani kazi hiyo ifanywe na kalenda.

Mipaka ya ukubwa wa samaki ilitokana na uvuvi wa nyavu na ndoana, na huko ina mantiki yake. Tundu la wavu likipanuliwa, samaki mdogo anapita. Mvuvi wa mshipi naye humtoa samaki majini akiwa hai, akampima kwa rula na kumrudisha akiona ni mdogo. Uingereza ilifuata njia hiyo kwa samaki wa bass: tangu Septemba 2015 kipimo cha chini kilipandishwa kutoka sentimita 36 hadi 42, karibu na urefu ambao jike huanza kutaga, na wavuvi wa burudani wakawekewa ukomo wa idadi ya samaki wa kuchukua kwa siku. Elimu ina nguvu kubwa katika uvuvi wa aina hiyo, kwa sababu anayefundishwa hapotezi chakula cha jioni. Amelipia starehe ya kuvua, na samaki aliyeachwa leo ni starehe ya kesho. Utafiti wa serikali wa mwaka 2012 ulikadiria wavuvi wa namna hiyo katika bahari ya England kuwa 884,000, wakitumia zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka. Hata kwetu, boti za wageni za Watamu na Malindi huwafunga sulisuli na nduwaro vitambulisho na kuwaachia, na biashara inaendelea. Pweza hana nafasi hiyo. Anayemvua kwa miguu, maji ya bamvua yakiwa yamekupwa, huona mdomo wa pango, pengine mkono mmoja au jicho. Huchokoa kwa chuma, huvuta, na kufikia hapo uzito ni swali lililochelewa. Kumrudisha baharini pweza aliyetobolewa ni kumlisha mkunga.

Tena hiyo nusu kilo yenyewe si mpaka wa uzazi, jambo ambalo mafunzo mengi hulipita kimya. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai ya kuhesabiwa kwa mamia ya maelfu, akayalinda pangoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Utafiti uliofanywa kusini magharibi mwa Madagaska ulionyesha kwamba madume hukomaa wakiwa na gramu 600 na ushei, lakini nusu ya majike hufikia ukomavu wakiwa wamepita kilo 2. Jike wa gramu 500 aliyeuzwa kihalali, kwa risiti, kwa kawaida hajawahi kutaga. Kupandisha kiwango mpaka kilo 2 kungefunga uvuvi wenyewe, na sijaona sababu ya kulipendekeza hilo. Ila tukubali kwamba gramu 500 ni kipimo cha kibiashara. Kinamzuia mtu kuuza leo kile ambacho baada ya wiki chache kingekuwa kizito maradufu. Mayai yanahitaji ulinzi wa namna nyingine.

Tukishakiona kuwa cha kibiashara, twende kwenye hesabu ya anayetembea mwambani, maana yeye huipiga kila siku. Tuchukulie bei ya shilingi 6,000 kwa kilo. Pweza wa gramu 400 ni shilingi 2,400. Akiachwa akakua mpaka kilo moja na nusu ni shilingi 9,000. Na hata tukisema nusu ya wanaoachwa huliwa na samaki wengine au huhama, wastani bado ni 4,500. Mwalimu yeyote wa uhifadhi ataishia hapo kwa furaha. Mvuvi haishii hapo, kwa sababu anajua jirani yake anapita mwamba uleule kesho asubuhi, na wavuvi wa dago waliopiga kambi ng'ambo wanapita kesho kutwa. Akimwacha pweza, 2,400 ni yake kuipoteza na 9,000 ni ya mwingine kuipata. Anayemwita mtu huyu mjinga hajaielewa hesabu yake. Semina peke yake hazibadilishi kitu hapa, hata zikifanywa kwa moyo mkunjufu kiasi gani: zinamtaka mmoja mmoja awe mwema katika shughuli ambayo wema wa mmoja humfaidisha asiye mwema. Kinachohitajika ni wote waache kwa pamoja na wote warudi kwa pamoja.

Hapo ndipo Madagaska ilipotutangulia. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kikishirikiana na shirika la Blue Ventures, kilifunga sehemu ya miamba yake kwa uvuvi wa pweza kwa takriban miezi saba. Matokeo yaliwavuta wanavijiji wa jirani, na baadaye muda ukafupishwa mpaka miezi miwili au mitatu. Mwaka 2005, serikali ya nchi hiyo iliweka uzito wa chini wa gramu 350 na msimu wa kitaifa wa kusimamisha uvuvi wa pweza, wiki sita kuanzia katikati ya Desemba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia ufungaji wa maeneo 36 katika miaka minane, ulikuta kwamba pweza waliovuliwa katika maeneo hayo mwezi wa kwanza baada ya kufunguliwa waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Takwimu hiyo mara nyingi hunukuliwa peke yake, na inahitaji tahadhari, kwa kuwa siku ya kufungua kila mwenye miguu huenda huko. Takwimu ninayoiamini zaidi ni ya kile anachovua mtu mmoja kwa siku moja: nayo ilikaribia maradufu. Mapato ya vijiji kutokana na pweza yaliongezeka maradufu katika siku 30 za baada ya kufungua yakilinganishwa na siku 30 za kabla ya kufunga, na hayakuporomoka wakati mwamba umefungwa. Sababu ni kwamba kwa wastani kilichofungwa kilikuwa kama moja ya tano ya eneo la uvuvi. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa wazi.

Kwetu jambo hili si geni tena. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, kimekuwa kikifunga mwamba kwa miezi kadhaa na kuufungua kwa siku iliyopangwa. Jibondo katika visiwa vya Mafia wamefanya vivyo hivyo, na Pate, upande wa Lamu, wanawake wamekuwa mstari wa mbele. Pingamizi lenye uzito dhidi ya utaratibu huu linawahusu wanawake hasa. Mwamba unaofungwa mara nyingi ni ule wa karibu, unaofikika kwa miguu maji yakikupwa, na huo ndio shamba la mwanamke asiye na chombo wala miwani ya kuzamia. Wanaume huhamia maji ya kina. Yeye hana pa kuhamia. Siku ya kufungua, wapiga mbizi hufika kabla ya maji kukupwa vya kutosha kwa anayetembea, wakabeba wakubwa. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu la kwamba kijiji kwa jumla kimepata zaidi halimtoshi aliyesubiri miezi mitatu akarudi na kikapu chepesi. Hata hivyo linaugusa mpango wa ufungaji, halifuti faida yake. Kamati ya shehia au kikundi cha usimamizi wa fukwe kinaweza kuchagua mwamba wa kufunga ili mwingine wa miguu ubaki wazi, na kinaweza kuweka sharti kwamba maji ya kwanza ya siku ya ufunguzi ni ya wanaotembea, wazamiaji waanze yakijaa. Linalotakiwa ni hao wanawake wawe kwenye kikao kinachopanga, maana matundu ya pweza wa mwamba huo wanayajua kwa majina.

Turudi kwa mnunuzi. Sehemu kubwa ya thamani ya pweza wa pwani yetu hutokana na soko la nje, hasa Ulaya ya kusini: Italia, Uhispania, Ureno. Umoja wa Ulaya haupokei samaki kutoka kiwanda chochote kile, ila vile vilivyokaguliwa na kuorodheshwa. Maana yake, mamia ya fukwe yanaishia kwenye milango michache, na kwenye kila mlango pweza hupimwa, hupangwa madaraja kwa uzito na kugandishwa. Ofisa mmoja mlangoni mwa kiwanda anaona kwa asubuhi moja kile ambacho wenzake ishirini wasingekiona kwa mwezi wa doria. Leseni ya kununua ikifungwa kwenye sharti la nusu kilo, na wakala wa ufukweni akijua kwamba mzigo wenye wadogo utamrudia yeye, atapima kabla ya kulipa. Bei yake ndiyo itakayokuwa somo la mvuvi, na somo hilo hurudiwa kila siku bila gharama ya semina.

Wataalamu wa biashara hii watajibu kwamba kampuni zikikataa, pweza mdogo harudi baharini. Huishia kwenye soko la ndani, kwenye supu ya jioni. Ni kweli, na ni mwanya mkubwa. Wala sioni busara ya kumfukuza mama lishe na sufuria yake, kwa kuwa naye ni wa mwisho katika mnyororo.  Lakini soko la ndani hulipa bei ndogo kwa pweza wadogo. Pengo la bei kati ya mkubwa na mdogo likiwa pana na la uhakika, anayevua anapata sababu ya kuunga mkono kufungwa kwa mwamba, na mwamba ukishafungwa, wadogo hupungua bila kumgusa mchuuzi. Kanuni ya mzani na kalenda ya mwamba zinategemeana namna hiyo. Jambo linalodhoofisha zote mbili ni kwamba uvuvi wa pwani si suala la Muungano: Zanzibar ina sheria yake na Bara ina yake, wakati pweza husafiri kwa boti kati ya Pemba, Tanga na Unguja kwa saa chache. Mamlaka mbili zikikubaliana juu ya uzito mmoja wa kununulia, wakala hatakuwa na upande wa kukimbilia.

Linabaki suala la bei ya siku ya kufungua. Tani za pweza zikitua ufukweni kwa bamvua moja, na barafu ikiwa imekuja kwa gari moja, mnunuzi ndiye anayetaja bei, na subira ya miezi mitatu huyeyuka mbele ya mzani wake. Kijiji kinachofunga mwamba kinapaswa kuwa kimeshakubaliana bei kwa maandishi na wanunuzi wawili au zaidi kabla ya tarehe kutangazwa, na vijiji jirani vipishane, hiki kifungue bamvua la mwezi mwandamo, kile la mwezi mpevu. Kampuni nazo zinanufaika, kwa kuwa mitambo yao inapata kazi kwa wiki mbili badala ya siku moja. Mwezi una bamvua mbili, na ratiba hiyo inaweza kuandikwa leo kwa mwaka mzima.