Tanuri Lililozimwa Malindi

Mkate wa tanuri haukuletwa pwani na Mtaliana. Mofa yetu ya mtama, inayobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, wazee wetu waliijua zamani. Ndiyo sababu nilipoonjeshwa pizza mara ya kwanza mjini Malindi sikuiona ngeni sana.

Wataliana walianza kuzoeleka huko katika miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mwaka 1967 walirusha chombo cha angani kutoka jukwaa lao la baharini. Baada ya mafundi walikuja watalii, na watalii wakaja na njaa yao.

Kibanda ninachokizungumzia, ambacho jina lake nitalisitiri, kilikuwa na paa la makuti na meza sita tu. Mpishi alikuwa mzee wetu wa hapo hapo, aliyejifunzia kazi jikoni mwa Mtaliana mmoja. Unga aliukanda jioni akauacha uumuke hadi siku ya pili. Tanuri alilitia kuni za mvinje mpaka matofali yakageuka meupe. Joto la namna hiyo hupita nyuzi 400, na pizza huiva kwa dakika moja na nusu hivi: kingo zikavimba na kuungua kidogo, kati pakabaki laini.

Lakini si utamu peke yake uliotupeleka pale sisi Waislamu. Wageni wengine walitaka nyama ya nguruwe juu ya pizza yao. Mzee alikuwa na mbao mbili, visu viwili na masepeto mawili, na vya nguruwe vilikaa pembe ya mbali. "Mwalimu, huu ndio ubao wenu," aliniambia siku ya kwanza, kabla sijauliza. Basi kwa miaka nikala bila wasiwasi, na watoto wangu wakala.

Jumamosi iliyopita, tukitoka harusini, nilimchukua mpwa wangu nimwonyeshe mahali penyewe. Makuti yameondolewa, pamewekwa mabati. Televisheni inapiga kelele, na wateja tulikuwa sisi wawili. Tanuri lipo, ila mdomoni mwake mmepangwa makreti ya soda. Pizza sasa inaokwa kwa stima. Tulingoja karibu nusu saa, ikaja kavu kama biskuti, jibini imeganda.

Hayo ningeyameza. Lakini kutoka pale nilipokaa nilimwona kijana akikata nyama ya nguruwe ya mteja wa kuchukua, kisha kisu kile kile akakitia katika pizza yetu.

Nilimwita kwa upole. "Mwanangu, hamna kisu kingine?"

"Nimekipangusa, mzee," akajibu, na kwa kweli hakuwa na ubaya. Hakuna aliyemfundisha.

Mpwa wangu alikuwa keshashika kipande. Nikamwambia arudishe. Tukalipa, tukaondoka tumboni hamna kitu, naye njiani akanung'unika, "Sasa mjomba, tumelipia nini?" Nikamnunulia mkate wa mayai kwa kijana wa barabarani, uliojaa nyama ya kusaga na vitunguu, ukitoka motoni. Alikula miwili.

Niliulizia habari za mzee, nikaelekezwa kwake. Nilimkuta barazani, miguu imevimba, mikono ingali imara.

"Masalkheri, Mwalimu. Umepita pale?"

"Nimepita."

"Tanuri wamelivunja?"

Nikamwambia lingali limesimama, limetiwa makreti. Alinyamaza kitambo, akiitazama mikono yake. Kisha akauliza habari za mbao zake mbili. Sikuwa na la kumjibu. Akamwita mjukuu wake alete chai.