Pua Haisomwi kwenye Damu Pekee

Soko la Kalerwe, kaskazini mwa jiji la Kampala, lina karibu kila kitu kinachoweza kuisumbua pua. Malori ya matoke hushusha mzigo kando ya barabara ya Gayaza, moshi wa bodaboda huchanganyika na ule wa majiko ya makaa, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu hutanda juu ya meza za biashara. Kwenye vyumba vya kupanga vilivyobanana jirani na soko kuna unyevu, magodoro yaliyokaa miaka mingi, na mende. Mtu anayeamka humo akipiga chafya mfululizo, pua ikimwasha na kutoa majimaji mepesi, huambiwa ana mafua na kuuziwa antibiotiki. Zisipomsaidia, mwenye uwezo huenda kupima damu ili ajue ana mzio wa nini. Nasema kipimo hicho, kikitangulizwa mbele ya maelezo ya mgonjwa, kinaweza kumpotosha yeye na daktari wake. Ushahidi wa hilo umepatikana hapahapa Uganda.

Mtu mwenye mzio hutengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya protini zisizo na madhara, kama zile zilizomo kwenye kinyesi cha utitiri wa vumbi la nyumbani. Kingamwili hizo hunata kwenye seli za utando wa pua, na protini ileile ikirudi, seli humwaga histamini. Hapo ndipo chafya, mwasho na kuziba huanza. Kipimo cha damu hupima IgE, lakini kuwa nayo si lazima kuwe kuugua. Kuanzia mwaka 2012, watafiti wa Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, waliwafuatilia wakazi wa vijiji 26 vya wavuvi katika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, ambako kichocho, ugonjwa unaoletwa na minyoo, kimeenea. Waliokutwa na IgE kwenye damu walikuwa wengi kuliko wale ambao ngozi zao zilivimba zilipoguswa na vichochezi vilevile. Sehemu kubwa ya maelezo ni kwamba baadhi ya IgE hulenga sukari zilizoshikamana na protini za mimea, wadudu na hata minyoo, na IgE ya namna hiyo kwa kawaida haiamshi dalili. Kwa hiyo mtu aliyekulia kando ya ziwa kisha akahamia Kalerwe anaweza kupewa karatasi ya maabara iliyojaa alama za mzio asioumwa.

Wapo wanaosema: kama minyoo inaingiliana na mzio, basi tatizo ni dawa za minyoo tunazowapa watoto. Utafiti wa Koome ulilipima dai hilo moja kwa moja. Vijiji viligawanywa kwa kura. Vingine vikapewa praziquantel, dawa ya kichocho, kila baada ya miezi mitatu pamoja na dozi kubwa zaidi ya albendazole, dawa ya minyoo ya tumbo, vingine praziquantel mara moja kwa mwaka na albendazole mara mbili. Baada ya miaka mitatu hapakuwa na tofauti katika kukorota kwa kifua, majibu ya ngozi wala IgE ya mzio. Utafiti mwingine wa Entebbe, ulioanza mwaka 2003 kwa wajawazito 2,507, ulionyesha kwamba albendazole wakati wa ujauzito iliambatana na ongezeko la ukurutu kwa watoto wachanga. Matokeo hayo mawili yanatukataza kukimbilia jibu jepesi, na hayampi mzazi sababu ya kumnyima mtoto dawa ya minyoo.

Je, bila damu daktari atabahatisha? Hapana. Mwongozo wa kimataifa wa mzio wa pua uitwao ARIA, uliotolewa mwaka 2001 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, unaanzia kwenye maswali: dalili huja siku ngapi kwa wiki, kwa wiki ngapi, na je, zinaharibu usingizi, kazi au masomo? Macho yanawasha? Nani mwingine katika familia ana pumu? Panapobaki shaka, kipimo cha ngozi husaidia. Tone la kiini cha utitiri au mende huwekwa kwenye mkono, ngozi ikachomwa kidogo kwa ncha, na baada ya dakika 15 uvimbe hupimwa kwa rula. Ukifika milimita 3 zaidi ya ule wa tone la maji ya chumvi, jibu ni ndiyo. Mgonjwa awe ameacha dawa za kuzuia histamini, kama Piriton au cetirizine, kwa siku kadhaa, la sivyo ngozi itanyamaza. Asiyeonyesha chochote huenda anasumbuliwa na moshi tu, jambo ambalo IgE haiwezi kulieleza. Anayezibwa tundu moja tu la pua, au kutokwa damu puani mara kwa mara, apelekwe kwa wataalamu wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Mulago si mbali na Kalerwe.

Kwa upande wa tiba, ushahidi uko wazi zaidi. Uchambuzi wa majaribio 16 yenye wagonjwa 2,267, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa steroidi ya kupuliza puani hupunguza dalili kuliko vidonge vya kuzuia histamini, hasa kuziba kwa pua. Hofu ya neno steroidi inaeleweka, na ina chembe ya ukweli: katika jaribio la mwaka mmoja, watoto waliopuliziwa beclomethasone mara mbili kwa siku walikua pungufu kwa takriban sentimita 0.9. Lakini mometasone ilipopimwa kwa njia hiyo haikuonyesha upungufu, kwa hiyo kinachotakiwa ni kuchagua dawa na dozi. Kutotibu nako kuna gharama. Nchini Uingereza, wanafunzi waliokuwa na dalili wakati wa mitihani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kushuka daraja, na waliotumia dawa za kuzuia histamini zinazoleta usingizi, kama Piriton, waliathirika zaidi. Mzazi anayempa mtoto Piriton asubuhi ya mtihani anapaswa kulijua hilo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dawa haiondoi vumbi wala moshi wa Kalerwe. Ni kweli, na barabara ya lami, mifereji inayopitisha maji na nishati safi ya kupikia ni tiba pia. Lakini mchuuzi hawezi kusubiri jiji lipangwe upya ndipo apumue. Budesonide, steroidi ya kupuliza puani, na loratadine, kidonge cha kuzuia histamini, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zifike kwenye vituo vya afya vya umma, na mhudumu afundishwe kumwonyesha mgonjwa jinsi ya kuelekeza chupa ya budesonide mbali na ukuta wa kati wa pua na kuitumia kila siku kwa wiki mbili kabla ya kusema imeshindwa. Fedha ya kipimo cha damu cha vichochezi vingi, kwa wagonjwa wengi, ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua chupa hiyo.