SOMO LA REDIO: GRAZIA DELEDDA, MWANDISHI WA KISIWA CHA SARDINIA

(Maneno haya yalisomwa redioni. Mwalimu wa darasa ayasome tena kwa sauti, polepole, na wanafunzi wafuate kwa macho.)

Fungueni madaftari, tuanze.

Leo twasafiri mpaka Bahari ya Kati, ambayo huitwa pia Mediterania. Kusini mwa bahari hiyo ziko Misri, Libya, Tunisia, Algeria na Moroko. Kaskazini ziko Ugiriki, Italia, Ufaransa na Hispania. Ndani yake mna visiwa vingi. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Sisilia, na cha pili ni Sardinia. Vyote viwili ni vya Italia.

Mtu akisikia neno kisiwa hufikiri wavuvi na ngalawa. Lakini sehemu za ndani za Sardinia ni milima, na tangu zamani watu wake wengi walikuwa wachungaji wa kondoo. Katika mji mmoja wa milimani, uitwao Nuoro, alizaliwa Grazia Deledda mwaka 1871.

Wakati ule msichana wa Nuoro hakutazamiwa kusoma sana. Grazia alifika darasa la nne tu. Baadaye alifundishwa nyumbani kwa muda, kisha akajifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu alivyovipata. Tena lugha ya watu wa kwao ilikuwa Kisardinia. Kiitaliano kilikuwa lugha ya shule na ya vitabu, ikambidi ajifunze kukiandika kama ninyi mnavyojifunza sasa, neno kwa neno.

Mwaka 1888 hadithi zake zilianza kupigwa chapa katika gazeti la Roma. Je, watu wa mjini kwake walifurahi? La. Wengi walikasirika. Walisema haifai msichana kuandika mambo ya mapenzi, na tena wengine waliona kwamba anaanika mambo ya watu mbele ya wageni. Lakini Grazia hakuacha. Katika kitabu kiitwacho Cosima, kilichotolewa mwaka 1937, alisimulia habari za ujana wake. Humo msichana anachukua mafuta kidogo ya zeituni katika ghala ya nyumbani, anayauza kwa siri, na kwa fedha hizo anapeleka maandiko yake kwa posta. Hatumsifu kwa kuchukua bila ruhusa! Lakini twaona jinsi alivyotaka maneno yake yasomwe.

Mwaka 1900 aliolewa, akahamia Roma. Hata hivyo vitabu vyake vingi viliendelea kueleza maisha ya Sardinia. Elias Portolu, cha mwaka 1903, ni habari ya kijana aliyetoka gerezani akampenda mchumba wa ndugu yake. Cenere, maana yake Majivu, cha mwaka 1904, ni habari ya mama aliyemwacha mwanawe ili mtoto apate maisha mema.

Kinachojulikana sana ni Canne al vento, yaani Matete Katika Upepo, cha mwaka 1913. Dada watatu wa ukoo uliokuwa na heshima wamekuwa maskini. Imebaki shamba dogo, linalolimwa na mtumishi wao mzee, Efix. Miaka mingi hajalipwa mshahara, lakini hawaachi, kwa maana moyoni ana siri: ndiye aliyemwua baba yao, usiku ule dada wa nne alipotoroka nyumbani. Kisha anakuja Giacinto, mtoto wa yule dada aliyetoroka. Kijana huyu anacheza kamari, anakopa kwa mwanamke mkopeshaji wa riba, na anatia sahihi ya uongo ya shangazi yake, yaani dada ya mama yake, katika hati ya deni. Habari zinapojulikana, dada mmoja anafadhaika hata anakufa, na shamba linauzwa.

Mwenzangu mmoja atauliza, “Kwani karatasi moja yaweza kuharibu nyumba nzima?” Naam, yaweza. Sahihi ni ahadi ya mtu. Ndiyo sababu mwalimu wenu husema kila siku: usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoisoma, na jina lako usimpe mtu mwingine alitumie.

Lakini Grazia hakuandika ili kuwatukana watu wake. Jina la kitabu lina maana: wanadamu ni kama matete, na majaliwa ni kama upepo. Efix ametenda kosa kubwa, lakini msomaji anamhurumia, kwa sababu mwandishi ameonyesha moyo wake wote.

Grazia Deledda alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 1926. Alikuwa mwanamke wa pili duniani kuipata, baada ya Selma Lagerlöf wa Swideni, aliyeipata mwaka 1909. Alifariki Roma mwaka 1936. Baadaye mwili wake ulirudishwa Nuoro, na nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho. Mji uliomkasirikia ndio unaomtunza.

Basi, ndugu zangu, asiwepo mtu wa kusema, “Mimi nimechelewa, na maisha ya kijijini kwetu hayana la kuandikwa.” Shule ya Grazia ilikwisha mapema, lakini kujifunza kwake hakukwisha.

MASWALI
1. Grazia alisoma shuleni mpaka darasa gani?
2. Kwa nini watu wa Nuoro walikasirika? Je, walikuwa na haki?
3. Giacinto alifanya kosa gani katika hati ya deni?
4. Andika sentensi tano juu ya mtu wa kwenu ambaye habari zake zafaa kukumbukwa.