Michoro ya watoto isiishie kwa muuza karanga

Mwaka wa shule ukiisha, madaftari ya watoto wetu wengi huishia kuwashia jiko la mkaa au huuzwa kwa kilo, yakachanwa na kukunjwa vifuko vya karanga. Hesabu na imla zikipotea hivyo, hasara ni ndogo, maana alama zake zimekwisha kuandikwa kwenye ripoti. Lakini kurasa za nyuma za madaftari hayo huwa na michoro: basi lenye abiria wanaoonekana hadi miguuni, bibi mwenye mikono inayotokea masikioni, ng'ombe mwenye macho mawili upande mmoja wa kichwa. Michoro hiyo haina nakala popote. Nashikilia kwamba kuipoteza ni kupoteza kumbukumbu ya jinsi mtoto alivyokuwa akifikiri, na kwamba bila kumbukumbu hiyo hakuna mzazi, mwalimu, wala mchoraji mwenyewe atakayeweza kusema kwa haki masomo ya uchoraji yalimjenga wapi na yalimpokonya nini.

Aliyelionyesha jambo hili kwa subira kubwa ni Mfaransa Georges-Henri Luquet. Mwaka 1913 alichapisha utafiti kuhusu michoro ya binti yake, ipatayo 1,500, iliyochorwa tangu mtoto huyo akiwa na miaka mitatu hivi hadi akikaribia tisa. Kwa kuwa aliiweka kwa mfuatano wake, aliona kitu ambacho karatasi moja moja isingemwonyesha: kwa miaka kadhaa mtoto huchora anachokijua kuhusu kitu, hata kama jicho halikioni. Viazi vilivyo chini ya udongo huonekana shambani, ukuta wa nyumba haumfichi aliyelala ndani, na meza hutandaza miguu yake yote minne kwa sababu mchoraji anajua ni minne. Baadaye jicho hushika usukani, na mtoto huanza kuchora kile tu kinachoonekana kutoka mahali aliposimama. Jean Piaget aliyachukua mawazo hayo katika kazi zake kuhusu akili ya mtoto. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi aifiche miguu ya nyuma ya meza anamfundisha jambo kubwa, yaani kutulia mahali pamoja na kutazama. Papo hapo anamwomba aweke kando sehemu ya anayoyajua. Faida na gharama hiyo huonekana pale tu karatasi za kabla na za baada ya somo zinapowekwa bega kwa bega.

Wapo watakaosema kipaji ni cha kuzaliwa, hivyo michoro ya utotoni haina la kutufunza: mwenye nacho anacho. Mfano wao wa kwanza huwa Pablo Picasso, ambaye hutajwa kama mtu asiyewahi kuchora kitoto. Hebu tuutazame ushahidi. Jumba la makumbusho la Picasso mjini Barcelona lina kazi zake nyingi za ujana, ambazo familia yake ilizitunza kwa miongo kadhaa kabla ya yeye kuzitoa kwa mji huo mwaka 1970. Miongoni mwa zile za mapema kabisa ni mchoro wa Hercules wa mwaka 1890, alipokuwa na miaka tisa, naye wakati huo alikuwa mtoto wa mwalimu wa uchoraji. Mikwaruzo ya umri wa miaka mitatu au minne haimo humo. Asiyeiona ni rahisi kuamini kwamba haikuwahi kuwapo. Kinachoonekana wazi ni mazoezi: miili, mikono na vivuli, mwaka baada ya mwaka, hadi picha kubwa ya mgonjwa kitandani aliyoichora mwaka 1897 akiwa na miaka 15, ambamo baba yake ndiye aliyekaa kama daktari. Sehemu kubwa ya hadithi ya kipaji kisichofundishwa imejengwa na kilichotupwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi latoka upande wa pili, kwa wanaoamini kwamba masomo huua uchangamfu wa mtoto. Franz Cižek alifungua darasa la watoto mjini Vienna mwaka 1897 kwa imani ya namna hiyo, na hofu yake ina msingi. Darasa ambalo watoto arobaini hunakili chungu kimoja kutoka ubaoni haliwezi kutetewa. Hata hivyo, Paul Klee anatupa jibu. Mwaka 1902, akiwa amekwisha kusomea uchoraji Munich, alikutana tena na michoro yake ya utotoni nyumbani kwa wazazi wake, akaithamini kuliko mengi aliyoyafanya baadaye. Alipoanza orodha ya kazi zake mwaka 1911, aliingiza baadhi ya michoro hiyo kama kazi halali. Lakini mtu huyo huyo alifundisha miaka kumi katika shule ya Bauhaus, kuanzia 1921, akaacha maelfu ya kurasa za maandalizi ya masomo. Hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Kwa maoni yangu, kule kuurudia utoto wake kulimwonyesha kitu ambacho mafunzo hayapaswi kukifuta, naye akafundisha akikijua.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya mjadala huu. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930, aliwataka wanafunzi wachote katika maisha ya kwao kabla ya kuiga picha za Ulaya. Mmoja wa waliosoma Makerere, Elimo Njau kutoka Kilimanjaro, alichora habari za Yesu katika kanisa la Murang'a huku mandhari na watu wakiwa wa Kikuyu. Mafunzo hayakumtenga na kwao.

Mzazi atauliza: niweke wapi makaratasi yote haya, na karatasi yenyewe ni ghali? Ni swali la haki, hasa pale ambapo mtoto huchora mchangani kwa kidole au ukutani kwa mkaa. Hakuna haja ya kuweka kila kitu. Michoro michache kwa muhula yatosha, na ule wa mchangani waweza kupigwa picha kwa simu kabla ya kufagiliwa. Mwingine atasema mtihani hauulizi haya. Lakini mtaala wa umilisi nchini Kenya unawataka walimu kutunza kazi za mwanafunzi kwenye jalada, na malalamiko ya wazazi kuhusu gharama za vifaa hayaondoi thamani ya jalada hilo likipangwa vizuri. Nyuma ya kila mchoro iandikwe tarehe, umri, na maneno ya mtoto mwenyewe kuhusu alichochora, kwa sababu baada ya mwezi hata yeye atakuwa amesahau kwamba lile duara lilikuwa shangazi. Mwalimu naye asisahihishe kwa wino mwekundu juu ya mchoro wenyewe. Akitaka kuonyesha namna mguu unavyopinda, achore wake kwenye karatasi nyingine, ili ule wa mwanafunzi ubaki na mkono mmoja tu.