Mashariki mwa DRC: Kivimbe ndani ya titi si saratani kila mara, lakini kinaomba kufuatwa

Wanawake wengi wanaofanya ekografi ya matiti wanarudi nyumbani na karatasi ambayo mstari wake wa mwisho hawauelewi: «ACR 2», «ACR 3». Mstari huo ndio unaosema kama kivimbe ni cha kuachwa, cha kufuatwa ao cha kuchunguzwa haraka. Na pale vita vinapohamisha watu kila mara, kufuata kivimbe kwa miaka miwili si kazi ndogo.

Vivimbe vingi vya matiti si saratani, yaani kansere jinsi wengi wanavyoiita huku. Kwa mabinti na wanawake wa miaka 15 hadi 35, kinachopatikana zaidi kinaitwa fibroadenoma. Ni cha duara, kinanesa kama mpira, mara nyingi hakiumi, na kikiguswa kinakimbia chini ya vidole. Kawaida kina sentimeta 1 hadi 3. Wanawake weusi wanakipata zaidi kuliko wengine, na mara nyingi wakiwa bado wadogo kwa umri. Vingine vinapungua ao kutoweka vyenyewe bila dawa.

Kwa wamama wa miaka 35 hadi 50, mara nyingi ni kiste, yaani kifuko chenye maji ndani. Kinaweza kuvimba na kuuma siku chache kabla ya damu ya mwezi, kisha kikatulia. Ikiwa kinasumbua, daktari anavuta maji kwa sindano. Kikiisha chote na maji hayana damu, mara nyingi habari yake inaishia hapo. Mama anayenyonyesha anaweza kuwa na maziwa yaliyoziba ao jipu. Aliyepigwa ao kuanguka kifudifudi anaweza kubaki na kigumu cha mafuta yaliyokufa ndani ya titi, na hicho kinafanana na saratani kiasi kwamba hata daktari hawezi kukiamua kwa mkono peke yake.

Simu na pesa zinazowekwa ndani ya sutieni hazileti kivimbe, hata kama jambo hilo linasemwa sana sokoni. (Tabia hiyo ina hatari nyingine, lakini ni ya wezi.)

Mstari wa mwisho wa karatasi

ACR ni herufi za American College of Radiology, chama cha Marekani cha madaktari wanaosoma picha za mwili. Chama hicho kiliweka namba toka 0 hadi 6, ili daktari wa Bukavu na yule wa Kampala wasome picha kwa lugha moja. Namba 1 maana yake hakuna kitu. Namba 2, kuna kitu lakini hakina ubaya. Namba 4 na 5 zina shaka, na lazima kipande cha nyama kichotwe kwa sindano kipelekwe laboratwari. Namba 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa, na 0 inasema picha hazitoshi kuamua.

Namba 3 ndiyo inayochanganya watu. Inasema kivimbe karibu hakika si saratani: uwezekano wa kuwa saratani hauzidi 2 kwa 100. Lakini inakuja na tarehe. Mgonjwa anaombwa arudi baada ya miezi 6, kisha miezi 12, kisha miezi 24. Mama mwenye hofu anasikia nusu ya kwanza tu, «si kansere», anashukuru Mungu na kutoka. Nusu ya pili inabaki kwenye karatasi, na karatasi inabaki ndani ya valizi.

Kinachotafutwa katika safari hizo tatu ni milimeta. Kipimo kikipanda zaidi ya asilimia 20 katika miezi 6, madaktari wengi wanachota kipande. Kwa kivimbe cha milimeta 20, hiyo ni kupita milimeta 24 tu, tofauti ambayo vidole haviwezi kuisikia. Kuna pia uvimbe unaoitwa phyllodes, ambao mwanzoni unafanana sana na fibroadenoma, ila unaweza kukua haraka na unapaswa kutolewa. Bila vipimo viwili vyenye tarehe, hakuna anayeweza kuutenga na mwenzake kwa mwendo wake wa kukua.

Fishi iko hospitalini, mgonjwa amekimbia

Vita vilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, familia nyingi zilihama kwa saa chache. Wengine walivuka mipaka, wengine walirudi vijijini ambako kituo cha afya hakina ekografi. Katika hali hiyo fishi inabaki kwenye hospitali ya kwanza, na daktari wa pili anaanzia sifuri: anaona kivimbe cha milimeta 22 bila kujua kama mwaka jana kilikuwa 22 ao 12.

Ndiyo maana mgonjwa mwenyewe anafaa kuwa mtunzaji wa fishi yake. Picha ya karatasi ya majibu ikipigwa kwa simu na kutumwa kwa dada ao kwa mtoto anayeishi mji mwingine, haipotei hata simu ikinyang'anywa njiani. Asiye na simu nzuri anaweza kunakili kwenye kaye mambo manne: tarehe, titi gani, kipimo kwa milimeta, na mahali kivimbe kilipo. Madaktari wanagawa titi kama uso wa saa ya ukutani, kwa hiyo karatasi inaweza kuandika «10 h», namba kumi ya saa, pamoja na umbali toka kwenye chuchu. Namba hizo zinafaa hata kwa daktari asiyejua lugha ya mgonjwa.

Siku ya kujigusa ina uzito wake pia. Kabla ya damu ya mwezi matiti yanajaa na kuuma, na kila kitu kinaonekana kimekuwa kikubwa. Wakati mzuri ni wiki moja hivi baada ya damu kuanza. Mama asiyeona tena damu anachagua tarehe moja ya mwezi na kuishika. Hakuna sababu ya kujigusa kila asubuhi. Wanaofanya hivyo wanaishia kukosa usingizi, na hawatambui tena mabadiliko ya pole pole.

Wengine wanaomba kivimbe kitolewe mara moja ili mambo yaishe. Kwa fibroadenoma ndogo isiyokua, upasuaji si lazima: una gharama, unaacha kovu, na kingine kinaweza kutokea pembeni. Unafaa kikiwa kikubwa, kikikua, kikiuma ao kikimnyima mwanamke amani. Hata hivyo, kanuni zinazoandikwa kwa ajili ya miji yenye amani hazitoshi huku. Ikiwa mgonjwa hana uhakika wa kurudi baada ya miezi 6, daktari ana haki ya kuchota kipande leo badala ya kungoja, na mgonjwa ana haki ya kuliomba hilo. Na kila kinachotolewa kinapaswa kuwekwa ndani ya formol na kupelekwa laboratwari. Kivimbe kilichotupwa kwenye ndoo baada ya upasuaji hakiwezi kuulizwa tena kilikuwa nini.

Wasiopaswa kungoja

Kuna alama ambazo hazingoji miezi 6: kivimbe kigumu kisichosogea, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka ndani wakati zamani haikuwa hivyo, damu inayotoka kwenye chuchu, kidonda kisichopona, kigumu kwapani. Jipu la mama anayenyonyesha ambalo haliponi baada ya antibiotiki liko katika orodha hiyo. Kivimbe chochote kipya kwa mama aliyekwisha kuacha kuona damu ya mwezi pia, na vilevile kwa mwanamke ambaye mama ao dada yake aliugua saratani ya titi.

Mwaka 2022, saratani hiyo iligunduliwa kwa wanawake milioni 2.3 duniani na kuua watu 670,000, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo linaomba uchunguzi wote umalizike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza kituoni. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, wengi wanafika ugonjwa ukiwa kwenye hatua ya 3 ao 4. Mara nyingi siku hizo 60 zimeliwa na majani ya kubandika, chale na maji ya moto, ambavyo vinachoma ngozi na kumchanganya daktari anayekuja kuangalia baadaye. Wengine wanakaa miezi katika vyumba vya maombi. Sala haikatazi ekografi, na wachungaji wakilisema hilo wazi, wamama wengi watawasikiliza kuliko wanavyomsikiliza muuguzi.

Kwa mabinti, kinachowafunga mdomo ni mchumba. Wanaogopa kuambiwa hawatazaa ao hawatanyonyesha. Fibroadenoma haizuii mimba wala maziwa. Inaweza kukua wakati wa mimba kwa sababu ya homoni, na mara nyingi inapungua baada ya kunyonyesha. Ndiyo maana ni vema kuitaja siku ya kwanza ya CPN, ili muuguzi aiandike na isije kuonekana kama kitu kipya mwezi wa saba.

Kivimbe cha ACR 3 ambacho hakikubadilika kwa miezi 24 kawaida kinaandikwa ACR 2, na safari za kila miezi sita zinaisha. Kingine kikitokea baadaye kina hesabu yake: kinaanza upya na ekografi yake, hata kama kiko titi lile lile.